Nzi Ndani ya Gitaa la Papa François

Rachida Lukumani alirithi karakana ya baba yake wakati baba mwenyewe bado yu hai, na shida yote ilianzia hapo.

Papa Mahmoudi alikuwa ametengeneza magitaa pale mtaani Kabondo kwa miaka arobaini. Kisha masikio yakamkataa, moja baada ya jingine. Lakini alikuja karakanani kila asubuhi, akaketi kwenye kigoda, akatoa hukumu.

Hukumu yake kubwa ilihusu frete, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa na kugawa sauti. Mzee alizoea kuzipanga kwa sikio. Rachida alizipanga kwa kikokotoo cha simu: anapima urefu wa uzi, anagawa kwa kumi na saba na nukta nane, anapata nafasi ya frete ya kwanza; kinachobaki anakigawa tena vivyo hivyo, mpaka shingo inaisha.

"Gitare haiko dawa ya kupima kwa pharmacie!" mzee alipiga kelele, maana viziwi hudhani wengine nao hawasikii.

Ili apumue kidogo, Rachida alimpa kazi ya kugundisha vijiti vya ndani, vinavyoshikilia ubao wa mbele usipinde. Kazi hiyo haikuhitaji masikio.

Gitaa lililokuwa mezani wiki ile lilikuwa limeagizwa na papa François, mvuvi wa kule kwenye maporomoko ya mto na mkuu wa kwaya ya parokia yake. Jumapili ile ingekuwa sikukuu ya parokia. Alhamisi akaja kulichukua, akaketi, akapiga.

Nzzzz.

"Mama Rachida," alisema, "mbona munaniuzia na nzi ndani?"

Rachida akalaza rula juu ya shingo. Frete ya saba ilikuwa imeinuka kidogo. Akaipiga tupa. Nzzzz. Akapiga ya nane na ya tisa. Nzzzz. Akainua mfupa unaobeba nyuzi. Nzi akabaki palepale, ameshiba. Papa François akaanza kumwita Bikira Maria kwa sauti ya chini.

"Kama uko unaongea naye," Rachida alisema, "umuambie alete tupa mupya."

Papa Mahmoudi hakusikia chochote, lakini nyuso aliziona, na alikuwa na furaha ya mtu aliyealikwa kula bila kuchangia. Mwishowe akainuka. Akatoa meno yake ya bandia, akayaweka mezani kando ya kopo la kole, gundi yake. Papa François akafanya ishara ya msalaba. Kisha mzee akakishika kichwa cha gitaa na kukiuma kwa meno manne aliyoachiwa na Mungu.

"Anakula gitare yangu!"

"Anasikiliza," Rachida alisema. "Mufupa wa taya unapitisha sauti. Piga tu, papa François."

Akapiga. Mzee akafumba macho. Akaweka kiganja kwenye ubao wa mbele, akakisogeza, akakandamiza. Nzi akanyamaza.

Mzee akaondoa kiganja, nzi akarudi; akakandamiza tena, nzi akatulia.

"Frete ziko sawa," alisema hatimaye.

Rachida alitazama frete tatu alizozisaga kwa tupa hadi zikawa bapa. "Alors nini inalia?"

"Mvua," alisema mzee. Kisha: "Na kole ya siku hizi iko maji tupu." Kisha akamtazama binti yake, tupa mkononi na vumbi la chuma puani. "Kijiti ya ndani imeachia. Iko ya mimi."

Rachida aliingiza mkono kwenye tundu. Kijiti kilitikisika kama jino la mtoto. Hasira zikampanda: miezi sita ya kutukanwa kwa neno pharmacie, na sasa hili!

"PAPA, ULIWEKA KOLE AO MATE?"

Mtaa mzima ulisikia. Hata mzee alisikia.

"Kidogo ya zote mbili."

Papa François alicheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka sikukuu ya Jumapili. "Bon, na dimanche?"

Rachida akakigundisha kijiti mwenyewe, akakitegemeza kwa vipande vya mwanzi. Ijumaa, baada ya swala, alikata frete mpya tatu, na mzee akazipigilia. Alipitisha kidole gumba juu ya kila moja, akagonga, akapitisha tena. Masikio yalikuwa yamekufa, lakini vidole havikupata habari. Jumamosi mchana gitaa lilitoa sauti safi, na papa François alilipiga muda mrefu hadi Rachida akamwonyesha mlango.

Jumatatu Ursule, mke wa papa François, alileta samaki na habari. Kwaya ilikuwa imepotea kabisa nyuma ya sauti ya gitaa, jambo lililokuwa heri kwa kwaya ile, na padre mgeni alicheza hadi kiatu kikamtoka.

Siku mbili baadaye mtu wa Lubunga, ng'ambo ya pili, alivuka mto kwa mtumbwi, akampita Rachida bila salamu, akamwendea mzee kigodani.

"Papa, nataka gitare kama ile ya parokia."

Papa Mahmoudi, aliyejua kusoma midomo alipotaka, akanyoosha nyundo yake upande wa binti.

"Patron, mwenye kazi, iko ule. Mimi niko nagonga tu."

Rachida akajifanya anatafuta penseli, ingawa alikuwa ameishika.