Kiti cha Mbele cha Lori la Muchiri

Safari ya kuvuka milima ya Cherang'ani ilipangiwa nyumbani kwangu Laini Saba, kwa sababu chai yangu ina maziwa. Mkwe wangu Muchiri ana nafasi kubwa kwao Kawangware, kwenye ploti ya mamake, lakini huko hakuna mtu wa kuwakaangia mandazi. Basi kila Jumapili baada ya kanisa walikuja kwangu kupanga milima.

Nyumba yangu ni chumba kimoja. Kitanda kiko nyuma ya pazia, jiko liko mbele ya pazia, na sisi tunakaa mahali panapobaki. Sasa Muchiri amemwoa binti yangu Aketch, na mtu aliyemwoa binti yako haingii akakaa karibu na kitanda chako, hata pazia likiwa zito namna gani. Kwao Wakikuyu ni hivyo, na kwetu Waluo ni hivyo zaidi. Hakalii kiti chako, hakutazami usoni, na ukiingia mahali, yeye anatoka. Shemeji yangu Osewe, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye aliyemfundisha hayo yote siku ya mahari. Akaongeza na mengine ya kwake, kwa sababu kila kosa lilikuwa na faini ya kuku, na kuku alikuwa anakula Osewe.

Kwa hivyo Muchiri alipanga safari yake akiwa nje. Alikaa juu ya mtungi wa maji mlangoni, mgongo umetuelekea, miguu karibu iingie kwenye mtaro. Ndani alikaa Osewe, na fundi wa lori, Kagiri, kijana wa mtaa wa Kongo, pale pale Kawangware. Kagiri yeye si mkwe wangu. Hakuoa kwangu, hajaoa kokote.

"Mlima wa kwanza ni huu," Kagiri akasema, akaipindua sufuria yangu kubwa sakafuni. "Wa pili ni hii karai. Wa tatu, ule mbaya, ni ndoo."

Muchiri akageuza shingo kidogo, akaitazama ndoo kwa jicho moja. "Kwani huo wa tatu uko juu hivyo?"

"Uko juu na ni matope tupu. Hapo unapanda na gia ya kwanza, na unashuka na hiyo hiyo. Ukitegemea breki peke yake zinashika moto, tunafika chini kabla ya lori."

"Na minyororo ya matairi?"

"Iko. Na koleo mbili, na dizeli ya akiba. Kule juu injini inakosa pumzi kama mzee akipanda ngazi, lakini itapanda."

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi zamani, lile la magurudumu yanayozunguka yote, mbele na nyuma. Muchiri alilinunua kwenye mnada likiwa limelala kama ng'ombe mgonjwa. Yeye na Kagiri walilifufua kidogo kidogo hadi likakohoa, hadi likanguruma, na watoto wa Kawangware wakaanza kulikimbilia. Alikuwa akiliosha kwa mkono wake mwenyewe. Kulivusha milima mitatu, yeye akiwa kwenye usukani, ndiyo ndoto aliyokuwa akiiota macho wazi pale mlangoni.

Mimi ndoto yangu ilikuwa fupi. Aketch ni nesi kwenye zahanati ndogo huko juu, mbele ya Kapsowar, na huko ndiko alikojifungua. Wakati huo barabara ya bondeni ilikuwa nzima. Rahab, mamake Muchiri, akaenda na mwanawe kwa gari dogo, akambeba mtoto, akapigwa naye picha amekaa, amesimama, na nyingine amefumba macho. Mtoto akaitwa Ciru, jina la Kikuyu la huyo huyo Rahab, kama ilivyo desturi yao. Mimi nilikuwa na homa, nikaambiwa nisubiri nipone nisimwambukize mtoto. Nilipopona, mvua ilikuwa imebeba daraja. Njia iliyobaki ikawa ni ile ya juu, na chombo cha kuipita ni lori la Muchiri peke yake, ambalo lilikuwa linampelekea Aketch sofa, kitanda na tangi la maji.

Nikamimina chai. Nikauliza polepole, "Kabini ina viti vingapi?"

"Vitatu, shosh," Kagiri akasema, akiniita nyanya kama vijana wa mjini. "Dereva, mimi hapo mlangoni, na kimoja katikati."

"Na cha katikati ni cha nani?"

Osewe akakohoa. "Nyar Alego," akasema. Ananiita hivyo, binti wa Alego, tangu nilipoolewa kwao. "Wewe tutakupigia video."

"Huko kuna network?"

"Iko. Aketch akipanda juu ya jiwe fulani anaipata."

"Na mtoto?"

"Anapanda naye."

"Basi mimi nitamwona mjukuu wangu akiwa juu ya jiwe."

Muchiri akainamisha kichwa huko nje. Si mtu mbaya, Muchiri. Osewe ndiye aliyekuwa amesikia kwamba huko juu kuna kondoo wa mafuta na maziwa ya kibuyu, na kiti cha katikati alishakikalia moyoni.

"Sikiliza," akaniambia. "Dereva ni nani? Ni mkwe wako. Wewe na mkwe wako kabini moja, siku nzima, kona baada ya kona? Lori likilala upande huu, goti lako liko wapi? Likilala upande ule, goti lake liko wapi?"

Muchiri aliposikia habari ya magoti alifumba macho kabisa.

"Basi nikae nyuma na sofa," nikasema.

"Kagiri, mwambie mama," Muchiri akasema, akiongea na mtaro, "kule juu asubuhi majani yana barafu. Nikimfikisha ameganda, Aketch atanirudisha na lori langu."

Nikaona maneno yameisha. Nikainama, nikachukua mlima wa pili, nikaupeleka jikoni kukaangia sukuma.

"Shosh, hapo ndipo njia inapita," Kagiri akasema.

"Piteni kwa ndoo."

Jumapili zilizofuata sikubishana tena. Mimi nimelea watoto saba kwenye chumba kimoja. Najua kungoja. Niliwapikia, nikawasikiliza, nikamwacha Osewe anifundishe desturi mbele ya majirani, maana alipenda sana kufundisha. Siku moja nikamuuliza kama mtu asiyejua.

"Shemeji, hii mambo ya kabini. Hata kama lori limesimama tu?"

"Hata kama limesimama. Hata kama halina injini. Wewe ukiwa ndani, Muchiri haingii. Muchiri akiwa ndani, wewe huingii."

"Na nani anampisha mwenzake?"

"Mkwe ndiye anampisha mama. Hilo hata mtoto analijua."

Jirani zangu wawili walikuwa wamekaa pale pale wakichambua dagaa. Nikawatazama, wakanitazama. Nikamwongezea Osewe mandazi.

Siku moja kabla ya safari nilienda Kawangware kulala kwa Nasipwondi, rafiki yangu wa kanisani, anayekaa nyuma ya ploti ya Rahab. Tangu mchana wa siku hiyo sikugusa chai, wala uji, wala maji. Nasipwondi alinishangaa, nikamwambia niko kwenye maombi, na haikuwa uongo sana. Alfajiri tulitoka na kigoda chake. Lori lilikuwa limepakiwa, limefungwa turubai, linang'aa. Nikakanyaga kigoda, Nasipwondi akanisukuma kwa nyuma kama gunia la viazi, nikaingia kabini. Nikakaa katikati. Nikaweka mkoba wangu magotini, nikafunga kitambaa vizuri, nikaangalia mbele.

Kagiri ndiye aliyekuja wa kwanza. Akafungua mlango, akaniona, akaufunga tena taratibu kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha nikasikia kicheko nyuma ya lori.

Muchiri akaja na funguo mkononi, miwani ya jua kichwani, jaketi jipya. Akafika hatua chache kutoka mlangoni, akaona kitambaa changu kwenye kioo. Akasimama pale pale. Akarudi nyuma. Akazunguka upande wa pili, nadhani kuona kama upande huo simo. Nilikuwemo.

"Osewe," akaita.

Osewe alikuja amebeba blanketi lake na chupa ya chai. Akapanda ngazi ya kabini. "Nyar Alego, shuka."

"Mimi nimekaa tu. Lori si limesimama?"

"Tunachelewa. Kuna milima ya kuvukwa, na leo tufike Iten kabla ya giza."

"Vukeni. Nani amewazuia?"

"Dereva anataka kuingia."

"Dereva ni mkwe wangu. Wewe si ulisema mkwe anampisha mama? Au sikusikia vizuri? Nasipwondi, enda uwaite wale jirani zangu wa Laini Saba, wao walikuwepo."

Wapangaji wa Rahab walikuwa wameanza kutoka na miswaki midomoni. Osewe akateremsha sauti. "Desturi ina nafasi yake. Safari ni safari. Muchiri anaweza kuingia, mradi mgeuze nyuso."

"Kama anaweza kuingia nikiwa ndani," nikasema, na sikuteremsha sauti, "basi kiti hiki nilikuwa naweza kukaa tangu Jumapili ya kwanza. Na wale kuku wote uliokula, je?"

Hilo la kuku Muchiri alilisikia. Alikuja hadi nyuma ya tairi. "Wale kuku vipi?"

Osewe akashuka ngazi haraka. Wakashauriana nyuma ya lori, na Kagiri akawa mjumbe, akija dirishani na kurudi.

"Shosh, Osewe anasema tungojee. Anasema mtu wa rika lako lazima atashuka kidogo kwenda nje."

"Mwambie nimekunywa mara ya mwisho jana mchana."

Akaenda. Akarudi akiwa anajiuma midomo. "Muchiri anasema kule juu kuna baridi sana."

"Mwambie nimevaa sweta mbili, na ya tatu iko kwenye mkoba."

Akaenda. Safari hii alikawia. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Anasema ameshindwa. Anasema mimi niendeshe, yeye akae nyuma na sofa. Lakini shosh, hili lori ameliosha mpaka likamjua jina. Anaomba kitu kimoja. Ule mlima wa tatu aendeshe yeye."

Kupitia kioo cha pembeni nilimwona Muchiri amesimama, mkono mmoja juu ya bodi ya lori, kama mtu anayemuaga mgonjwa.

"Mwambie sawa," nikasema. "Tukifika chini ya mlima wa tatu nitahamia kwenye sofa, nijifunike. Na Osewe akae nyuma na mimi. Mama mzee hawezi kuachwa peke yake na tangi la maji."

Hivyo ndivyo tulivyoondoka. Kagiri aliendesha, Muchiri akapiga bodi kwa ngumi kutoka nyuma kila alipotaka gia ibadilishwe, na Osewe naye alikaa huko nyuma, amejifunika blanketi hadi pua, maana kiti cha mlangoni nilikiwekea mkoba wangu. Tulilala Iten kwa mtu wa kanisa. Mlima wa kwanza ulitupa ukungu, wa pili ukatupa mvua, na Kagiri na Muchiri walitumia koleo zote mbili. Mimi nilikuwa nawapitishia mandazi dirishani.

Chini ya mlima wa tatu nikashuka, Muchiri akageuka akatazama mbuzi wa watu mpaka nilipotulia kwenye sofa. Kisha akapanda. Sikuwa nimewahi kusikia lori likilia vile. Lilipanda polepole, mawe yakiruka, Osewe akiomba Mungu kwa Kijaluo safi. Kule juu kabisa Muchiri alipiga honi ndefu, mahali pasipo mtu wa kuisikia ila sisi. Ingawa ni kijana wa watu aliyeoa kwangu, nilifurahi naye.

Aketch alikuwa amesimama mlangoni pa zahanati, mtoto amefungwa kwenye shali. Niliteremshwa na Kagiri. Nikanawa mikono, nikampokea Ciru, nikamsogeza juani kidogo nimwone masikio, yanayosema ukweli kuhusu mtoto. Masikio ni yangu.

"Mama," Aketch akasema, "Muchiri anataka kumsalimia mtoto."

Nilitazama. Muchiri alikuwa amesimama upande wa pili wa lori, matope hadi kiunoni, akijifanya anakagua tairi. Nikiwa na mtoto hapo mlangoni, hangeweza kusogea.

"Atamsalimia," nikasema. "Mwambie bado nipo."

Nikakaa kwenye benchi ya wagonjwa, nikaanza kumhesabia mtoto vidole.