Ujumbe wa Kumrudisha Timazi

Kazi ya yule dada ilikuwa kuandika maneno matamu. Kampuni iliyomwajiri ilikuwa na mchezo wa simu ambao kuuingia ni bure, lakini kila msimu ulikuja na mavazi mapya na silaha mpya, na asiyetaka kuachwa nyuma na wenzake ilibidi anunue. Wachezaji wengi hawakutoa hata senti. Mishahara ya ofisi nzima ilibebwa na wachache waliokolea, na mmoja wao akipotea wiki moja tu, jina lake lilitua mezani kwa dada huyu ili ambembeleze arudi.

Asubuhi moja, jina la tatu kwenye orodha lilikuwa Timazi.

Timazi ndilo jina ambalo mafundi walimbandika kaka yake, fundi vigae, kwa jinsi alivyonyoosha mistari kama ile kamba ya fundi ya kupimia kuta, na namba ya simu kando ya jina ilikuwa yake. Vigae hivyo ndivyo vilivyomsomesha yeye. Tangu kaka aanguke kazini na kuumia mgongo, alishinda ndani tu, na kila mwezi dada alimtumia pesa ya dawa kwa simu, bila hata neno moja. Kumbe pesa ile ilikuwa ikirudi pale pale ofisini.

Alimwomba msimamizi alifute jina hilo. Msimamizi, bila ubaya wowote, akamwambia mtu mzima anajua anachofanya na pesa yake. Mchana akaaga, akaenda kwa kaka.

Alimkuta amelala kiubavu, simu imepasuka kioo. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya kupotea kwake mchezoni. Mashine ya kukatia vigae, aliyozoea kuifunika shuka kama mtoto mchanga, haikuwepo. Alikuwa ameiuza ili anunue simu nyingine.

"Zile jumbe za mchezo naziandika mimi, kaka," alisema. "Ni kazi tu. Kule hakuna anayekukumbuka."

Kaka alijiinua kwa kiwiko. "Ile meseji ya kwamba kikosi hakijakamilika bila mimi, ni yako?"

"Ni yangu."

"Niliisoma mpaka nikaikariri. Tangu nianguke, mdogo wangu, hakuna aliyeniandikia maneno kama yale. Hata wewe."

Dada alilia, kaka akambembeleza yeye. Wakakubaliana kwamba kaka ataachana na mchezo, na dada atakuwa anakuja kila Jumapili. Alikuja Jumapili mbili. Ya tatu ofisi ilikuwa ikiandaa msimu mpya, na ya nne vilevile. Alimtumia pesa.

Wiki iliyofuata Timazi alikuwa ameondoka kwenye orodha ya waliopotea na kuingia kwenye ile ya walionunua. Mtambo ulikuwa umetuma tena wenyewe ule ujumbe wa zamani wa kikosi. Msimamizi akamsifu dada, mwandishi wake, mbele ya wote, wakampigia makofi.

Alishukuru. Kisha akaketi, akaanza kumwandikia anayefuata kwenye orodha.