Matanga ya Mama Aliye Hai

Pole zilianza kuingia nikiwa namlisha mzee mmoja Mswidi uji wake. Simu ilitetemeka mfukoni bila kukoma mpaka yule mzee akanikodolea macho. Nikachungulia. "Pole sana, dada Eve." "Mungu awafariji." "Mama amepumzika." Kijiko kikaniponyoka.

Mama yangu yuko Nakuru, kwenye makao ya wazee. Tulimpeleka huko alipovunjika nyonga na kuanza kusahau jiko likiwaka. Mimi na kaka yangu Wanjohi ndio tunaomlipia kutoka hapa Stockholm. Au tuseme tulikuwa tunamlipia. Mimi ni kibarua wa saa kwenye nyumba ya wazee mtaa wa Farsta, nawaosha mama za watu, na saa zangu zimekatwa nusu. Teksi ya Wanjohi imekufa injini. Miezi minne hatujatuma hata senti, na mkuu wa makao alishatuambia waziwazi: Ijumaa kitanda kinapewa mtu mwingine. Nyumbani nako hakuna wa kumpokea, hata nyumba yenyewe tuliiuza ili afanyiwe operesheni.

Nikakimbilia stoo ya mashuka nikapiga Nakuru huku nalia. Akapokea Natalie, msichana anayemhudumia.

"Mama? Si huyu hapa anakunywa chai. Anasema nimembania sukari."

Nikakaa chini palepale. Nikamshukuru Mungu, kisha nikampigia Wanjohi, maana nilishamjua mtu wangu.

"Eve, usipige kelele," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umemuua Mama?"

"Nimeandika tu kwenye grupu."

"Wanjohi! Umemuua mama yetu!"

"Na wewe ulipowaomba vizuri, walikupa nini?"

Hapo alinishika pabaya. Majuzi tu nilikuwa nimeandika kwenye grupu la Wakenya wa hapa, nikajieleza, nikajivua nguo mbele za watu. Nikajibiwa kwa vikatuni vya mikono inayoomba. Mtu mmoja akauliza tangu lini Mwafrika akamtupa mama yake kwa nyumba ya wazee. Huyohuyo leo ndiye wa kwanza kutuma krona elfu moja! Ndivyo tulivyo. Msiba tunauchangia siku hiyohiyo, hata kama maiti hatumjui jina. Mgonjwa tunamwombea. Lakini mzee aliye hai, anayekula kila siku, huyo ni shauri yako.

"Zimetosha?" nikauliza. Nilijichukia, lakini nikauliza.

"Miezi yote minne, na bado zinaingia. Dadangu, lia kidogo tu. Wanakuja kwako jioni."

Nilimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia. Kumwambia arudishe, sikumwambia.

Jioni viatu vilijaa mlangoni kwangu, mtaa wa Tensta. Watu walikuja na sufuria za wali na chapati zilizofungwa kwa taulo, wakapika chai, wakaanza nyimbo. Mama Wayne, mkubwa wa akina mama wote wa hapa, alinivuta kichwa akakiweka kifuani.

"Lia, mwanangu. Usijikaze."

Nikalia kweli, mpaka kamasi. Nani angejua kwamba nalilia kitanda? Kando yangu Mzee Oduor, mwenyekiti wetu, alikuwa akimuuliza Wanjohi tunazika lini, grupu litume mwakilishi. Wanjohi alikuwa anatiririka jasho, na madirisha yote yako wazi.

Ndipo simu yangu ikalia, simu ya video, na picha ya Mama ikatokea. Nikaikumbatia, nikakimbilia bafuni, nikajifungia.

"Eve, umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Mbona macho yamevimba? Na hizo nyimbo? Kuna harusi?"

"Ni watu wa kanisa."

"Wamekuja kukuona!" Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Nilikuwa naomba kila siku usikae peke yako kwenye hiyo baridi. Hebu wape simu niwasalimie."

"Wana haraka, Mama."

"Salamu ni kitu cha haraka. Wape."

Wanjohi alikuwa anagonga mlango kwa kucha. "Eve, kata. Kata hiyo simu, nakuomba. Ukifungua, Mama analala nje."

Alisema kweli, na nilijua ni kweli. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu. Lakini jamani, nitamzikaje mtu anayeniuliza kama nimekula?

Nikafungua. Wanjohi alininyakua mkono, nikamsukuma. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Nikamkabidhi Mama Wayne simu.

"Ni Mama. Anataka kuwasalimia."

Mama Wayne alitazama kioo cha simu, akanitazama mimi. Lakini nani atakataa salamu ya mama mzee?

"Hujambo, mama," akasema.

"Sijambo! Asante kwa kumwangalia mtoto wangu. Na hao wengine? Nizungushie niwaone."

Akazungusha. Mmoja mmoja, na nguo zao nyeusi, walimwitikia mtu waliyekuja kumlilia. "Hujambo, Mama." "Salama, Mama." Mzee Oduor alivua kofia alipofikiwa, akajibu kwa heshima zote, kisha akachukua koti lake.

"Kila mtu arudishiwe chake leo," akamwambia Wanjohi, bila kunitazama.

Wakaondoka na sufuria zao. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Mama Wayne alinirudishia simu akatoka bila kwaheri. Wanjohi alikaa sakafuni pale mlangoni, akirudisha pesa huku analia kwa sauti.

Kwenye kioo Mama alikuwa bado anatabasamu.

"Watu wazuri sana hao. Unajua Natalie ameanza kunifungia nguo? Nimemuuliza naenda wapi, hataki kusema. Anasema tu ni Ijumaa." Akasogea karibu, akapunguza sauti asisikiwe. "Umenitumia tikiti, sivyo? Nakuja kukaa na wewe?"

Nikajifuta macho kwa mkono wa blauzi.

"Eve? Usilie, mimi nishajua. Sitamwambia mtu. Waambie tu hao wenzako wasichoke, waje wanipokee."