Mama wa Nywele wa Karas

Nyumba yangu na ya Piast, fundi magurudumu, zilipakana kwa uzio wa fito. Ulikuwa uzio mbovu, kuku wake waliuona kama mlango. Nayasema haya ili ujue kwamba utawala wa nchi hii ulipita karibu sana na kwangu. Uliingia kwa jirani, mimi nikabaki na kuku.

Mwanangu alizama Ziwa Gopło barafu ilipopasuka, akaniachia mjukuu. Kwetu mtoto wa kiume hukaa mikononi mwa wanawake, nywele zake zisiguswe na chuma, mpaka afikishe miaka saba. Hapo hukatwa nywele za kwanza na kupewa jina lake la kweli, na anayemkata huwa ndugu yake sawa na wa damu. Tunamwita baba wa nywele. Mtoto mwenye baba, baba yake ndiye humtafutia mtu. Asiye na baba anahangaikiwa na bibi.

Piast alikuja mwenyewe ukingoni mwa uzio. Alisema mwanawe naye amefikisha umri, nguruwe yupo, pombe ipo, kwa hiyo nimlete wangu wanyolewe siku moja, yeye atamkata. Nikamwambia ahsante jirani, nitafikiri. Nilikuwa nimeshafikiri. Mikono ya Piast ilinuka lami ya magurudumu. Mimi, mjane wa mfinyanzi, ambaye nyumbani kwangu hapakuwa na chungu hata kimoja kilichosimama wima kwa sababu vilivyosimama viliuzwa, nilitaka mtu mkubwa. Nilimtaka bwana Popiel, mtawala wa nchi, huko ngomeni, ambaye siku hiyohiyo alikuwa na karamu ya kuwanyoa wanawe.

Mke wa Piast, Rzepicha, alinitazama kwa huruma. "Dobka," aliniambia, "yule bwana hata jina lako halijui."

"Atalijua," nikasema.

Basi nikamwosha mtoto nywele, nikatia mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, kwenye kikapu wawe zawadi, tukapanda ngomeni. Langoni wakatuambia tungoje. Mimi ni mtu wa subira, watu hunisifia. Subira yangu ni hii: nikishakosea njia, sina haraka ya kurudi.

Tukiwa pale wakaja wageni wawili, miguu imejaa vumbi, wakaomba kuingia. Walinzi wakawafukuza kama mbwa. Wageni wakaniuliza mimi ni wapi msafiri anaweza kupata cha kunywa. Nilitaka tu langoni pasiwe na msongamano, wasije wakanitangulia. Nikawaonyesha bondeni. "Shukeni kwa yule fundi magurudumu. Analisha kila mtu, hajui kukataa."

Wakanishukuru sana. Yaliyotokea huko hakuna asiyeyajua: pipa la pombe halikuisha, nguruwe mmoja akashibisha kijiji, wageni wakamkata nywele mtoto wa Piast na kumwita Siemowit. Walikuwa akina nani, sijui. Aliyewaelekeza njia namjua.

Jua lilipoanza kuinama, walinzi wakaniruhusu kupita mlango wa jikoni, kwa sababu ya mikunga. Bwana Popiel nilimwona. Alitoka ukumbini akashika ukuta, akatapika karibu na miguu yangu, akarudi ndani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu yote.

Nikaanza kulia, maana nywele zikishaoshwa lazima zikatwe kabla ya jua kuzama, la sivyo mtoto hukua bila bahati. Pale kwenye beseni palikuwa na mwanamke anatumbua samaki, mpana, meno ya mbele hana, magamba yamemjaa mpaka kwenye nyusi. Jina lake Sulka. Akaniuliza kinachoniliza, nikamweleza. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Lete kichwa hapa, mama. Kisu ninacho."

"Wewe ni mwanamke," nikasema.

"Na jua ni jua. Linakusubiri?"

Akamkata. Kisu cha samaki hakikuumbiwa nywele. Alipomaliza, mtoto alionekana kama ametafunwa. Kisha akamtazama usoni, akatazama beseni, akasema jina lake ni Karas, yule samaki wa matopeni asiyekufa hata bwawa likikauka. Mtoto akacheka. Sulka akampa kipande cha mkate na asali kama ndugu anavyotakiwa kufanya, akarudi kwenye matumbo ya samaki.

Njiani nikamfundisha mjukuu wangu. Nani amekukata? Bwana Popiel. Nani? Bwana Popiel. Mtoto ana akili, alishika upesi.

Basi nikawa jamaa ya bwana. Kisimani walinipisha. Nilieleza jinsi mkono wake ulivyokuwa laini kama siagi. Walipouliza kwa nini bwana amempa mtoto jina la samaki, nilijibu kuwa wakubwa wana mafumbo yao. Walipouliza mbona nywele zina ngazi, nikasema ndivyo wanavyokata ngomeni sasa hivi. Mabinti wawili wakakata za kwao vile.

Utamu huo haukudumu. Popiel aliwaua ami zake kwa sumu, na panya wakatoka katika maiti zile, wakamkimbiza mpaka kwenye mnara wa kisiwani, wakamla. Wengine wanasema walikuwa watu wenye visu. Vyovyote, aliliwa. Wakubwa wa koo wakaketi baraza, wakampa nchi Piast, yule mwenye lami. Kisha Mzee Wszebor, msemaji wa baraza, akatangaza kuwa ndugu wote wa Popiel wavuke msitu kabla theluji haijaanguka, wasirudi: wa damu, wa ndoa, na wa nywele.

Watu wote wakageuka kunitazama. Sikuwahi kupishwa kwa upana ule.

Mtoto wa miaka minane, msituni, majira ya baridi. Nikapiga magoti mbele ya baraza, nikasema yote: langoni, matapishi, kisu cha samaki. Nikategemea watanionea huruma. Walicheka mpaka Mzee Wszebor akashika mbavu.

"Mama Dobka," alisema, "tangu mwaka jana umetuchosha na mkono wa siagi. Leo imekuwa kisu cha samaki?"

Piast hakucheka. Alimwita Karas, akamshika bega, akamuuliza taratibu ni nani aliyemkata nywele. Karas akanitazama, akakumbuka mafunzo, akasimama wima.

"Bwana Popiel," akasema, kwa sauti safi kabisa.

Nilimfundisha vizuri mno. Kama ningekuwa na bidii hiyo kwenye kufinyanga, vyungu vyangu vingesimama.

Rzepicha ndiye aliyesema Sulka aitwe. Alikuwa bado ngomeni, anawatumbulia samaki mabwana wapya. Akaja na harufu yake. Mzee Wszebor akamuuliza kama ananijua.

"Huyu? Simjui," Sulka akasema.

Nikamwambia, dada yangu, tafadhali.

"Dada yako tangu lini? Mwenye undugu na mtu humpelekea mkate wa mavuno. Mavuno yamepita, nikakaa mlangoni natazama njia. Sokoni tulikutana, ukageuza uso ukawa unachagua vitunguu. Vitunguu vyenyewe vilikuwa vimeoza, ukavinunua."

Ni kweli, nilivinunua. Tulivila.

Nilielewa anachotaka, na kila mtu alielewa. Undugu wa nywele husimama pale tu mwenye mtoto anapoukiri kwa mkate mbele ya watu. Nikamwomba Rzepicha mkate mweusi, maana wangu ulikuwa nyumbani na haukufaa kuonyeshwa. Nikautia asali, nikauweka juu ya mikono miwili, nikamwinamia Sulka huku wale mabinti wawili wenye nywele za ngazi wakitazama.

"Sulka," nikasema, "wewe ndiye mama wa nywele wa mjukuu wangu. Jina lake ulimpa wewe. Nilikuonea haya. Kula."

Hakula haraka. Alimwita Karas kwanza, akamega, akampa kipande kikubwa. Ndipo akala chake, upande wenye magego, huku tukimsubiri.

"Nilimkata mimi," akaliambia baraza. "Tazameni wenyewe, mwaka mzima zimeota na ngazi bado zipo. Bwana angekuwa na kinyozi. Hii ni kazi ya mtu aliyezoea mapezi."

Mzee Wszebor akasema ushahidi wa mtumishi wa jikoni si mzito. Piast akamjibu kuwa yeye mwenyewe mpaka juzi alikuwa anachonga magurudumu, na kama jiko si zito basi na karakana si nzito, wamtafute bwana mwingine. Wszebor akakohoa. Piast akamuuliza Karas mara ya pili, safari hii akiwa amemwelekeza kwa Sulka.

"Huyu," Karas akasema. "Bibi ndiye alisema niseme yule mwingine."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, lakini katikati yake nilimsikia Piast akisema mtoto anabaki.

Tulitoka watatu. Sulka alimshika Karas mkono, akaniuliza yeye atalala wapi, maana ndugu mjane kama yeye hakai jikoni kwa watu wakati ana nyumba ya jamaa. Nikamwambia kando ya tanuri ndiko ninakolala mimi.

"Pana nafasi?"

Nikasema patapatikana. Usiku ule alikoroma kama gogo linaloburutwa. Asubuhi akaonja uji wangu wa mtama, akaweka kijiko chini, akamwambia Karas alete chumvi. Mtoto akaenda mbio. Mimi huwa namwomba kuni mpaka naenda kuzichukua mwenyewe.

"Unatia maji mengi, dada," Sulka akasema.

Nikasogea akakoroga yeye.