Chuma cha Kushikia

Baba yangu, Imrich, aliipenda nyumba yetu kuliko watu waliolala ndani yake. Nasema bila kumung'unya maneno. Siku hizi hata yeye habishi. Iko kwenye uwanja mkuu wa mji wetu, Levoča, nyumba ya karne ya kumi na sita, imelindwa kisheria kuanzia paa hadi kizingiti. Watalii huipiga picha. Sisi tulipanda ngazi zake za mawe, nyembamba, zilizojipinda, zilizolika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa, bila kitu cha kushikia.

Mama alipozeeka akaanza kuziogopa.

"Mzee, niwekee chuma ukutani. Kimoja tu."

"Nitoboe ukuta ule? Žofia, una akili timamu wewe?"

"Watu wa majengo ya kale wamekubali. Mwanao Ondrej kawauliza."

"Hao wangekubali hata lifti. Mimi sikubali."

"Haya. Siku nikianguka, uniokote na huo ukuta wako."

Mama alicheka aliposema hivyo. Sote tulicheka, mimi na kaka yangu Ondrej pia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Alianguka majira ya baridi, akipandisha supu ya kabichi kutoka jikoni. Nyonga ikavunjika. Alipotoka hospitali nikamchukua kwangu, kwenye maghorofa ya nje ya mji, yenye lifti. Akawa hana raha: dirishani haoni kanisa, majirani hawamjui, anataka kufia kwake. Daktari akasema anaweza kurudi, mradi pawe na kitu cha kushikia ngazini. Nikampigia baba simu.

"Nitafikiria," akasema.

Alifikiria mpaka theluji ikayeyuka. Kila Jumapili alikuja na maua, akaketi kando ya kitanda, wakashikana mikono. Mama alimwuliza, "Umeshatoboa?" Naye alimjibu apate nguvu kwanza. Mama hakupata nguvu. Alifariki kwangu, huku lifti ikipanda na kushuka nyuma ya ukuta.

Kwetu marehemu huaga nyumba yake: wabebaji wakifika mlangoni hugusisha jeneza kizingitini mara tatu, kisha wanatoka, basi. Baba aling'ang'ania mama aage pale uwanjani, si kwenye fleti yangu.

"Kule alishatoka, Baba," nilimwambia. "Alitoka kwa machela."

Hakunisikia. Gari la maiti likasimama mbele ya nyumba, wabebaji wakaingiza jeneza ukumbini, chini ya zile ngazi. Padri akasali, wakageuka kutoka.

Wakagusisha mara ya kwanza. Mara ya pili. Kabla ya ya tatu baba akapiga magoti ghafla, akalaza kiganja chake juu ya kizingiti.

"Mzee, tutakuumiza," akasema mbebaji wa mbele.

"Bado hajapanda juu."

"Baba, ondoa mkono," nikasema. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nalia.

"Nitatoboa. Mwambieni nitatoboa. Kesho asubuhi."

Wabebaji walianza kutetemeka kwa uzito. Mwishowe Ondrej akainama, akasogeza mdomo karibu na jeneza, akamwambia mama kwamba chuma kitawekwa kesho.

Ndipo baba akauondoa mkono.