Trekta la Miaka Mitatu

Wanaume wa kijiji cha Non Phai hununua trekta kwa macho. Hulizunguka, hulipiga teke tairi la nyuma, hupanda kitini na kutazama mbali kana kwamba shamba lao linaishia upeo wa macho, ilhali linaishia kwenye kichaka cha mianzi cha jirani. Kisha husaini. Buaphan alikuwa amewaona wengi wakifanya hivyo na amewacheka wengi, hadi siku mumewe naye alipopiga simu kutoka Taiwan kusema ameshachagua.

Wichian alikuwa amechagua lile kubwa, la nguvu za farasi arobaini na saba, ambalo matairi yake ya nyuma humfikia mtu kifuani. Alikuwa na picha yake kwenye simu. Wenzake wa bwenini, watu wa nyumbani watupu walioajiriwa kiwanda kimoja cha skrubu, walikuwa wameipitisha mkono kwa mkono wakiisifu. Jambo moja alilichelewesha mpaka mwisho, akalisema haraka kama mtu anayemeza dawa chungu. Akiba yao haikutosha. Kwa akiba iliyokuwepo wangepata dogo, la farasi ishirini na nne, wakabakiwa na pesa ya dizeli. Kwa lile kubwa ingembidi asaini mkataba mwingine wa miaka mitatu.

"Mitatu si mingi, Mama Dao," alisema. "Mbona sita imepita na hata hatukuiona."

Buaphan alikuwa ameiona. Alikuwa ameiona yote kwa miguu, akitembea nyuma ya pawatila kuukuu, mashine ya kulimia ya kushikwa kwa mikono, iliyomtikisa mpaka meno, kutoka jaruba moja la mpunga hadi jingine, mgongo ukimuuma mpaka anashindwa kuinama kuchota maji. Dao, binti yao, alikuwa mtoto wa shule baba yake alipoondoka, na sasa anasomea uuguzi mjini Ubon. Lakini hayo hakuyasema. Alisema mtandao unakatika, wataongea kesho.

Tatizo ni kwamba alimwelewa, na kumwelewa mtu anayekuumiza ni mzigo wa peke yake. Kwao mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Binti wa mwisho hurithi nyumba ya wazazi pamoja na wazazi wenyewe, na mkwe huingia na alicho nacho. Wichian aliingia na mfuko mmoja wa nguo na chandarua. Sawai, mume wa dada yake Buaphan, mtu mwenye mdomo lakini asiye na ubaya, akambatiza Mkwe wa Chandarua siku hiyo hiyo ya harusi, na jina likakaa. Sawai alikuwa na trekta lake la kulimia watu kwa malipo. Lilikuwa la farasi arobaini na tano. Basi msomaji mwenyewe anaona wale farasi wawili wa ziada walitoka wapi.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari nne na kitu, limekatwakatwa majaruba madogo yenye kingo za udongo, na miti miwili mitatu imesimama katikati ya mpunga kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kuikata. Kwenye kona ya mashariki palikuwa na kajaruba kadogo kuliko yote, na kibanda cha mbao juu ya nguzo. Hapo ndipo kwa Ta Haek, mzimu mwenye shamba. Kabla ya mtu yeyote kupanda, mkuu wa shamba hupanda miche michache ya kwanza pale, akamweleza mzimu huyo kwamba msimu umeanza na watu wote wapo. Tangu alipooa, kazi hiyo ilikuwa ya Wichian. Alipoondoka, ilimrudia mkwewe, Mzee Thongdi, baba yake Buaphan, ambaye magoti yake yalikuwa yameshachoka na tope.

Buaphan alitafuta njia ya kuamua bila kugombana. Alimwomba Sawai aje alime jaruba moja kwa trekta lake, ili Wichian aone kwa simu jinsi farasi wengi wanavyofanya kazi shambani mwao. Ukweli ni kwamba alitamani mashine ile ishindwe, na akajionea aibu kwa kutamani hivyo.

Haikushindwa. Sawai alikuja na kofia mpya, akavunja ukingo ili aingie, akashusha jembe mpaka mwisho ili shemeji yake aone nguvu. Udongo ulipinduka vipande vikubwa vikubwa, wa chini ukaja juu. Ni kweli alitumia muda mwingi kugeuza kuliko kulima, maana kila akinyooka alikuwa ameshafika mwisho, lakini kwenye simu kugeuza kulionekana kama maringo. Wenzake Wichian walishangilia bwenini. Wichian mwenyewe alicheka kwa sauti ambayo Buaphan hakuwa ameisikia kwa muda mrefu, na moyo wake ukamlainikia kabisa. Alijisemea, basi, kama furaha yake iko huko, acha asaini.

Usiku ule mvua ikanyesha ya kweli, mvua ya kwanza ya kupandia. Asubuhi majaruba yote yalikuwa yamejaa, vyura wanaimba. Lile lililolimwa na Sawai tu ndilo lilikuwa tope tupu bila maji. Kufika mchana tope lenyewe lilianza kupasuka.

Mzee Thongdi aliingia pale na fimbo yake. Aliidunga chini ikazama mpaka mkononi, akaichomoa, akatazama mchanga ulioshikamana na ncha. "Ametoboa sakafu," alisema.

Chini ya tope la pale pana tabaka gumu, na chini ya tabaka hilo ni mchanga unaokunywa maji bila shukrani. Tabaka hilo halikuumbwa na mtu. Lilikanyagwa na nyati wa kulimia wa Mzee Thongdi, na kabla yao nyati wa baba yake, na wa babu yake, msimu kwa msimu, mpaka likashika maji kama sufuria. Kila mtu Non Phai analijua hilo, Sawai akiwemo. Lakini mtu akipata nguvu mpya husahau vitu anavyovijua.

Jioni Wichian alipopiga, walikuwa wamekaa mkekani kwenye chakula, wali wa kunata na papai bichi la kutwanga. Buaphan alinyanyuka, akateremka mpaka shambani, akamwonyesha jaruba kavu katikati ya majaruba yaliyojaa maji. Kisha alirudi mkekani.

"Huyo Sawai hajui kupima kina," Wichian alisema. "Mimi ningelima juu juu."

"Kwa hiyo unakwenda kutafuta farasi arobaini na saba ili uwatembeze kama ishirini na nne?"

Wichian hakukasirika. Alipangusa uso kwa kiganja, na Buaphan akaona jinsi mikono ile ilivyobadilika, vidole vimejaa makovu madogo ya chuma.

"Nikirudi na kale kadogo, Baba atasema nini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Miaka sita. Nimeondoka kwake mtu mzima, nirudi na kitu cha kuchezea. Watu watasema ni yule yule wa chandarua."

Alidhani mzee hasikii. Mzee Thongdi huwa hasikii anapotakiwa kuoga, mengine yote huyasikia vizuri. Alinawa mkono, akachukua simu na kuibandika sikioni kama alivyozoea, hata Wichian kule Taiwan hakuona kitu ila sikio la mkwewe lenye nywele nyeupe.

"Mkwe," mzee alisema, "kila mwaka napanda ile miche ya kwanza. Ta Haek ananiuliza, mwenzio yuko wapi? Namwambia yuko njiani, mwakani utamwona. Mwaka wa kwanza nilidhani nasema kweli. Hii mingine yote nimemdanganya. Kudanganya watu naweza, nimeuza nyati maisha yangu yote. Lakini yule simwezi. Na kwa umri wangu huu nitakutana naye karibuni. Nitamtazama na uso gani?"

"Binti yangu sikumwozesha trekta," mzee alisema, akamrudishia Buaphan simu, akaendelea kula.

Buaphan alilia pale pale mkekani, wali ukiwa mkononi, bila kujificha. Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza kulia, aliona aseme yote. Alimwambia mumewe kwamba anamtaka nyumbani. Amechoka kumwona kwenye kioo cha simu, amechoka kumuuliza umekula nini, na mwaka mmoja tu akiongeza yeye atakuwa amemzoea kama picha. Wichian alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anunue lile dogo. Kuhusu mkataba alisema tu kwamba wakala ameshaleta karatasi, wenzake wote wanasaini, na ngoja kwanza.

Buaphan alikwenda mjini kulinunua mwenyewe, Sawai akimsindikiza. Muuzaji alimweleza Sawai kila kitu, na Sawai, ambaye tangu siku ya sakafu alikuwa mpole, akamwambia mwenye pesa ni huyu. Buaphan hakupiga teke tairi lolote. Alipanda kwanza lile kubwa lililokuwa limewekwa mbele kupendeza macho. Mguu wake haukuifikia klachi, ukaning'inia hewani. Kwenye la farasi ishirini na nne ulifika, akakanyaga mpaka chini. Aliuliza upana wake, akaupima kwa kanga yake, maana nyumbani alikuwa amekwishapima uwazi wa kati ya mti na ukingo. Aliuliza uzito pia, na jembe la kuzungusha linashuka kiasi gani. Muuzaji aliacha kutabasamu akaanza kujibu.

Walipolifikisha kijijini, mtawa wa hekalu alilinyunyizia maji ya baraka, akalipaka alama za unga mweupe juu ya injini, na Buaphan akalivisha shada la maua ya manjano. Watu walikuja kuangalia. Sawai hakuweza kujizuia kabisa.

"Shemeji, hili ukimaliza kulima si unaliingiza tu ndani likalale chini ya meza?"

"Ndani kuna nafasi ya mtu," Buaphan alisema. "Ninamngojea."

Sawai alitazama pembeni. Kesho yake alikuja na nyati wawili wa kuazima, akawazungusha katika jaruba alilolitoboa, kutwa nzima, ili wakanyage sakafu upya. Hakuombwa na hakudai hata chai.

Trekta dogo lilifanya kazi yake. Liliingia kati ya miti, likageuka bila kuvunja kingo, na Buaphan akalima kila jaruba ameketi, kitu ambacho mgongo wake haukukiamini mpaka siku ya tatu. Alibakiza kajaruba ka Ta Haek tu, maana pale hulimwa kwa jembe la mkono. Majirani wakapanda. Miche kwenye kitalu chake ikarefuka, ikafika wakati wa kung'olewa, ikaanza kupita wakati. Kila asubuhi alimtazama baba yake, na kila asubuhi Mzee Thongdi alikaa kwenye ngazi ya nyumba, akisema magoti yanamsumbua.

"Baba, miche itaharibika."

"Itaharibika," mzee alikubali. "Lakini safari hii sisemi uongo."

Wichian hakupiga simu siku hizo. Buaphan naye hakupiga, kwa kuogopa kusikia kwamba ameshasaini. Dada yake alimshauri wapande tu, mzimu ataelewa, njaa haielewi. Buaphan aliona kuna ukweli katika maneno hayo, akaenda kitaluni kung'oa miche, akaifunga mafungu, akayapanga kwenye ukingo. Aliamua kama baba yake hatashuka, atakwenda mwenyewe kumwambia Ta Haek kwamba mkuu wa shamba siku hizi ni mwanamke, na mume hayupo.

Alikuwa amechukua jembe la mkono na kuanza kulima ile kona aliposikia mbwa wa jirani. Mtu alikuwa anakuja juu ya ukingo kutoka barabarani, anayumba, kwa sababu viatu vyake vilikuwa vya mjini na ukingo ulikuwa umelowa. Mzee Thongdi, kule ngazini, alisimama bila kushika magoti, akateremka mpaka ukingoni.

Wichian alikuwa amekonda na nywele zimemwingia mvi. Alikuwa na mfuko mmoja.

"Umekuja na mfuko mmoja tena," mzee alimwambia alipofika.

"Ndiyo, Baba. Safari hii hata chandarua sina."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Wichian alitazama trekta dogo lililosimama chini ya mti, shada limekauka puani mwake, akatazama majaruba yote yaliyolimwa, kisha akamtazama mkewe na jembe lake. Alivua viatu, akaviweka juu ya ukingo, akakunja suruali yake nzuri na kuingia kwenye tope. Alilipokea jembe. Walipomaliza kona, Buaphan alimpa fungu la miche, naye akainama akapanda ule wa kwanza.

Mzee Thongdi alikuwa amesogea mpaka kwenye kibanda cha mbao. Alikunja viganja kifuani, akainamisha kichwa.

"Huyu hapa," alimwambia mwenye shamba. "Si nilikwambia yuko njiani?"