Mashine ya Wakati Iliyofumuliwa

Katika saluni ya Mama Vibanio hakuna anayekaa mikono mitupu. Ukiingia kusalimia tu, utasogezewa stuli, utawekewa mkononi kichana chenye mkia mrefu, na mbele yako kitaletwa kichwa cha mtu ambaye pengine humjui hata jina, ufumue. Hakuna aliyewahi kuitangaza sheria hiyo, lakini ndiyo inayoendesha nyumba. Aliye kwenye kiti kikubwa anasukwa na Mama Vibanio mwenyewe, anayesubiri zamu anafumuliwa na yeyote aliye karibu, na anayefumua ujira wake ni habari. Watu wamewahi kupita pale kuomba maji ya kunywa wakatoka jua likiwa limeshageuka, vidole vinanuka mafuta ya nywele, na wanajua nani kaachana na nani mtaa mzima.

Jina lake lenyewe lilitokana na vibanio, kwa sababu anavibana popote panapobanika: kwenye kola, kwenye mkono wa blauzi, kwenye mkanda wa mkoba. Katika picha ya harusi ya mdogo wake amesimama nyuma ya maharusi na vibanio vimejipanga begani kama ofisa wa jeshi.

Habari ya mashine ililetwa na mwalimu wa sanaa, mteja wa misuko myembamba, ile ya kumaliza siku nzima.

"Ukumbi wa mtaa utafanya maonyesho," alisema huku shingo imepindishwa. "Kila mwenye ufundi wake alete kitu alichokibuni kutokana na mashine ya wakati."

"Mashine ya nini?" aliuliza mama mkwe wa Mama Vibanio kutoka kwenye benchi. Mtaani wanamwita Taarifa, na sababu haihitaji kuelezwa.

"Ya wakati, mama. Ile ya kwenye hadithi. Unaingia ndani, unabonyeza kitufe, unatokea zamani. Au unatokea miaka ijayo."

"Sasa mimi niingie humo nikafanye nini? Ya zamani yote ninayo hapa." Taarifa akakigonga kilemba chake. "Na ya kesho ya watu nayajua kabla hawajayajua wenyewe!"

Saluni nzima ikacheka. Kilemba hicho nacho kilikuwa na habari zake. Tangu Mama Vibanio aolewe katika nyumba ile hajawahi kuona nywele za mama mkwe wake. Amesuka vichwa vya mtaa mzima, vya mabibi harusi na vya wafiwa, lakini kichwa kilicho karibu naye kuliko vyote hakuwahi kukigusa. Kila alipojaribu kuomba, jibu lilikuwa lile lile: "Kichwa changu kimekula chumvi nyingi, mwanangu, kiache kipumzike."

"Na kazi itakayochaguliwa," mwalimu akaendelea, "haiondoki tena. Itawekwa mlangoni mwa ukumbi, ibaki pale."

Mikono ya Mama Vibanio ikasimama.

Ibaki. Mumewe ni mwashi. Akitembea na watoto huwanyooshea kidole, ukuta ule wangu, ngazi zile zangu. Fundi cherehani wa mlango wa pili, shoga yake wa miaka yote, ana magauni ambayo mama wameyavaa na binti zao sasa wanayavaa. Yeye je? Kila alichokitengeneza kwa mikono yake, hata kiwe kimetia fora namna gani, kilifumuliwa, kikaanguka sakafuni, kikafagiliwa kwenye kizoleo. Hakuna hata kimoja anachoweza kumwonyesha mtu akasema, kile pale, nilikitengeneza mimi.

"Niandike jina," alimwambia mwalimu.

Pale kwenye kona kulikuwa na draya ya kukaushia nywele, ya kusimama, kofia kubwa kama chungu kilichopinduliwa, ambayo iliacha kupuliza siku nyingi zilizopita na sasa kazi yake ilikuwa kuanikia taulo. Mama Vibanio akaifuta vumbi. Mumewe akaitia taa ndani. Fundi cherehani akaishonea kiti chake mto wa kitambaa chekundu kinachong'aa, akisema kwamba hata safari ya kwenda zamani haifai kukaliwa vibaya. Na chini ya kofia ndipo palipokuwa na kazi hasa: kichwa cha bandia cha kujifunzia kusuka, kisicho na kiwiliwili, kilichosimama juu ya chuma chake.

Alikisuka asubuhi na mapema, kabla wateja hawajaingia. Kisogoni aliweka nywele za uzi zilizosimama wima, kama alivyosukwa utotoni. Kutoka hapo akapanda na mistari ya siku zake za shule, akafikia nywele za kusokota za wakati alipochumbiwa, halafu rasta ndefu zilizotamba mtaani miaka iliyofuata. Utosini na kuelekea paji la uso akasuka mtindo ambao hajawahi kuuona kwa mtu, duara ndani ya duara, mistari inayoondoka na kurudi. Ukikizunguka kiti taratibu, unatoka utotoni mwake unaelekea asikokujua hata yeye. Siku alipofunga msuko wa mwisho alikaa chini, akakitazama, akatabasamu peke yake kama mwehu.

Siku ya maonyesho, asubuhi, alikwenda kutafuta mkokoteni wa kubebea mashine. Kabla ya kutoka alikiondoa kichwa chini ya kofia ili kofia ipigwe dawa ya kung'arisha. Akakiweka kwenye kiti cha kusubiria, na kwa kuhofia matone ya dawa akakizungushia taulo shingoni. Hakufikiria kitu. Lakini katika saluni ile, kichwa kikiwekwa kwenye kiti kile na taulo shingoni, maana yake ni moja tu.

Na siku hiyo Taarifa alikuwa amekuja na habari nzito. Mwenye duka la dawa anaoa tena, na anayemwoa ni mke wake yule yule waliyeachana naye enzi hizo.

"Wanarudiana?" Fundi cherehani alivuta stuli.

"Sogea nikwambie. Na mshenga ni nani? Mke wa pili!"

"We! Acha!"

Mama Vibanio aliporudi na mwenye mkokoteni, alisikia vicheko tangu barabarani. Akaingia akitabasamu, tayari kuuliza wanachekea nini.

Taarifa alikuwa upande wa kushoto wa kichwa, kichana mkononi. Fundi cherehani alikuwa upande wa kulia. Sakafuni palijaa nyuzi na rasta. Kichwa chenyewe kilikuwa kimesimamisha nywele pande zote kama mtu aliyepigwa na umeme, na kimebakiwa na msuko mmoja tu juu ya sikio, ambao Taarifa alikuwa anaumalizia.

"...akamwambia, pete yangu ya kwanza iko wapi? Naye akaitoa mfukoni! Miaka yote hiyo, anayo mfuko..."

Akauona uso wa mke wa mwanawe. Akatazama vidole vyake. Kichana kikamdondoka.

"Masikini mimi," alisema.

"Shoga," fundi cherehani aliinuka, macho yamemtoka, "haki ya nani, mikono ilikwenda yenyewe. Nilidhani namfumua yule nesi aliyekuwa akisubiri zamu."

"Nesi ameondoka tangu asubuhi."

"Ndiyo naona sasa."

Angekuwa fundi cherehani peke yake, Mama Vibanio angempa maneno yake, wangenuniana mpaka jioni, yakaisha. Lakini mama mkwe unamwambiaje? Akakaa kwenye ukingo wa sinki la kuoshea nywele.

"Hata hiki," alisema polepole. "Hata hiki nacho kimefumuliwa."

Alieleza hapo hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwa nini alikitaka kile kichwa kibaki. Hakupaza sauti. Mwenye mkokoteni alijifanya anakagua gurudumu. Maonyesho yalikuwa yanafunguliwa baada ya chakula cha mchana, na kazi ile ilimchukua asubuhi nyingi.

Taarifa alikitazama kile kichwa kilichofumuliwa.  Kisha akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakivua kilemba.

Nywele zilikuwa nyeupe pee, nyingi, laini, zikamshukia mpaka mabegani.

"Nimeharibu kichwa, nalipa kichwa," alisema. "Na hiki si cha dukani. Nipakieni."

"Mama, wanaonyesha vitu, hawaonyeshi watu."

"Kwani nikikaa kimya si nitakuwa kitu?"

"Wewe?" alisema fundi cherehani. "Ukae kimya?"

Mama Vibanio hakutaka kucheka. Alijikaza, akabana midomo, lakini kicheko kikampenya puani, na kilipotoka kikatoka na machozi yake yote.

Ukumbini walipangwa kati ya seremala, aliyeleta kabati lenye mlango mbele na mlango nyuma, na fundi baiskeli, aliyeleta baiskeli ambayo magurudumu yake ni nyuso za saa. Watu walipita wakitazama, mikono nyuma, wakinong'ona kama wako hospitalini. Mama Vibanio akawasha taa ndani ya kofia, akaisogeza juu kidogo, akamkalisha mama mkwe wake kwenye mto mwekundu. Akachukua uzi mweusi, akaanza kisogoni.

Kimya cha Taarifa kilidumu uzi mmoja.

"Hapo ulipo," alisema kwa sauti ya kufika nje, "mimi ni mtoto. Mama amenibana katikati ya magoti, nikitikisika napigwa kichana cha bega. Na nje shangazi yangu anatoroka na mpiga tarumbeta."

Watu wawili wakasimama. Uzi wa pili, wa tatu, shangazi akaruka ukuta, tarumbeta likaanguka likaamsha majirani. Wakasimama watu kumi. Mama Vibanio alipoacha uzi na kuanza mistari, Taarifa naye akaanza shule, na mwalimu aliyekuwa na kigugumizi isipokuwa akitukana. Viti vilianza kuburutwa. Aliyekuwa ananong'ona akaacha kunong'ona.

"Ukifika juu ya sikio naolewa," Taarifa alitangaza. "Vuta polepole, nataka kulifaidi tena gauni langu."

"Bibi!" mtu aliyechelewa aliita kutoka nyuma. "Turudishe kidogo kwa shangazi! Sisi hatukusikia!"

"Usiniambie mimi, mwambie dereva."

Watu wote wakamtazama Mama Vibanio. Naye, kijasho chembamba kikimtoka, akafanya kitu kilichomjia hapo hapo: akarudi kisogoni, akachukua kichana chenye mkia, akafumua uzi mmoja. Ukumbi ukapiga makofi. Shangazi akatoroka upya, na safari hii alikuwa na sanduku ambalo mara ya kwanza halikutajwa.

Alipofika utosini, mikono ilipunguza mwendo. Pale ndipo alipokuwa amesuka zile duara.

"Na huku mbele, mama? Nikusuke nini?"

"Huko mimi sijafika," Taarifa alisema. Halafu akashusha sauti, ya watu wawili tu. "Suka unavyoona wewe. Mikono yako myepesi, mwanangu. Ningejua, ningekuachia siku nyingi."

 Mama Vibanio alisuka duara ndani ya duara, na kwenye nywele nyeupe zilionekana vizuri kuliko zilivyowahi kuonekana kwenye kichwa cha dukani.

Jioni mwalimu wa sanaa alikuja na wenzake wa kuchagua, nyuso za kuomba radhi.

"Watu wamejaa hapa kuliko popote," alisema. "Tungependa kuiweka mlangoni, lakini..."

"Lakini nina sufuria nyumbani zinanisubiri," alimaliza Taarifa, akinyanyuka na kujinyoosha kiuno.

Iliwekwa baiskeli. Mama Vibanio alimpigia fundi baiskeli makofi, akajipapasa rohoni kutafuta panapouma. Palikuwepo, ila ni padogo, kama mahali kibanio kilipobana.

Kilemba hakikurudi kichwani. Taarifa alitembea mtaa hadi mtaa, akisimama kila mlango na kugeuka taratibu, kisogo kwanza. Akirudi sokoni aliketi kwenye ngazi za ukumbi, kando ya baiskeli, kupumzisha miguu, na anayeingia alilazimika kupita mbele yake. "Nzuri," alikuwa akisema, akiitazama ile baiskeli kwa huruma, "ila haisemi." Kisha: "Hujaniuliza nani kanisuka."

Nywele ziliota, mistari ikalegea, nyuzi zikaanza kuinama. Siku moja mwenyewe akaja saluni, nyumba imejaa, akakaa kwenye kiti cha kusubiria na kujizungushia taulo shingoni. Vichana vikatoka. Mikono ikamzunguka pande zote, ya Mama Vibanio ikiwamo.

"Taratibu," alisema. "Msipite kwenye harusi yangu mbio mbio."

Walipofumua uzi wa mwisho, Mama Vibanio alifagia sakafu mwenyewe, akamwaga kizoleo, akarudi. Mama mkwe wake alikuwa ameshahamia kwenye kiti chenye mto mwekundu, chini ya kofia, taa imewashwa.

"Haya, dereva. Vile vile, tangu kisogoni. Na leo nitaeleza lile la mjomba ambalo sikulisema, maana pale ukumbini kulikuwa na watoto."

Fundi cherehani akavuta stuli. Mtu mmoja akaenda kufunga mlango.